Mende haina lupangu yake

Tuanze na haya yetu wenyewe, kiisha tutafika ku mende.

Mwaka uliopita, mu lupangu moja ya komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, sisi wapangaji tulimfukuza mama mmoja. Hatukumfukuza kwa fimbo, tulimfukuza kwa midomo. Lupangu ile iko na vyumba sita mu mustari mmoja. Kati ya chumba na chumba kuko ukuta mmoja tu, juu hakuna plafo, bomba ya maji ni moja mu kiwanja, na musalani moja kule nyuma. Mama alifika mu mwezi wa pili na watoto watatu, frigo ya zamani na makartoni ya vyombo. Mu mwezi wa nne tukaanza kuona mende ndogo-ndogo, rangi ya asali, nyuma ya mbabula, mu sukari, mu viatu vya watoto vya kwenda ku masomo.

Basi maneno ikaanza. Kila magaribi, bukari ikiwa ku moto, sauti ilikuwa moja: "Ni kwa ule mama njo zinatokaka. Mbele afike, hatukukuwaka na mende." Watoto wake wakapewa jina ambalo hatutaliandika hapa. Mwenye lupangu, kusudi apate usingizi, akampa mama mwezi mmoja. Mu mwezi wa sita, kwa baridi ile mnaijua, alipakia vitu vyake ku pusupusu na akaenda. Mende hazikupakia kitu. Mu mwezi wa tisa, joto iliporudi, zilikuwa mingi kupita mbele.

Njo sababu tunaandika. Tulikuwa tumemhukumu mtu bila kujua hata mdudu mwenyewe ni nani, anakaa wapi na anatembea namna gani. Tumesoma na tumeuliza, na sasa tunaona kama makosa ilikuwa yetu karibu yote.

Jambo la kwanza: tunasema "mende" sawa vile ni mdudu mmoja. Mu nyumba za hapa kwetu kuko mbili, na tabia zao hazifanani. Kuko ile kubwa, nyekundu-nyekundu, urefu wake karibu santimetri 4, ile inatoka usiku mu musalani na mu mifereji, na mara ingine inaruka mpaka ba-mama wanapiga kelele. Wenye elimu wanaiita Periplaneta americana. Ile inapenda shimo, unyevu na giza. Mvua ikijaza mashimo inapanda kutafuta pa kukauka, na ukiona moja mu nyumba, mara nyingi imefika kutembea tu. Kifuniko kizuri cha musalani na wavu ku mfereji vinaipunguza sana.

Ile ingine ni ndogo, santimetri 1 na nusu haipiti sana, na nyuma ya kichwa iko na mistari miwili nyeusi. Jina lake ni Blattella germanica. Iko na mabawa lakini hairuki. Na hii haitoki mu musalani. Haitoki mu pori pia, kule hauwezi kuikuta. Inakaa paka ndani ya nyumba, karibu na watu, karibu na moto na maji. Mahali watu hawakai, inakufa. Njo hii ilitusumbua, na tulikuwa tunamwaga dawa mu shimo ya musalani juu yake, makuta bure.

Majina yenyewe iko na hadithi. Ni Linnaeus, mwenye elimu wa Uswidi, aliandika ile kubwa mu 1758 na akaiita ya Amerika. Mu 1767 akaandika ndogo na akaiita ya Ujerumani. Alikosea mara mbili. Ile kubwa haikuzaliwa Amerika: watafiti wanaona kama asili yake ni huku kwetu Afrika, na ilivuka bahari ndani ya meli, pamoja na zile zilibeba watumwa. Ndogo, asili yake ni Asia. Mu 2024 watafiti walitoa kazi yao juu ya mende 281 walizookota mu inchi 17, walizilinganisha damu kwa damu, na wakakuta kama mende hii ilitokana na mende ingine ya Asia, kule India ao Myanmar, karibu miaka 2.100 iliyopita. Ilizoea nyumba za watu, ikasahau pori. Kiisha ikaanza safari: miaka 1.200 hivi iliyopita ilifika upande wa Waarabu, pamoja na wafanyabiashara na majeshi. Karne nyingi nyuma, makampuni ya Ulaya yaliibeba mu meli zao. Ulaya yenyewe iliipata karibu miaka 270 iliyopita. Na kutoka Ulaya, kwa meli za moshi na nyumba zenye joto, ikaenda dunia nzima.

Mbele ya ile kazi, kila taifa lilikuwa na jibu lake. Warusi waliita mende ile "prusak", maana yake mtu wa Prusia. Wajerumani nao, mahali pamoja na pengine, waliita "Mrusi". Tuliposoma vile tulicheka, kiisha tukanyamaza, kwa sababu tulikumbuka ule mama na pusupusu yake.

Sasa, mdudu hairuki, miguu yake ni mifupi, namna gani inafika kutoka Asia mpaka komini ya Kenya? Inabebwa. Hiyo njo njia yake karibu yote. Na haihitaji kubebwa mingi. Jike inapandwa mara moja na inaweza kutunza ile mbegu kwa maisha yake. Mayai yake iko mu kifuko kimoja sawa punje ndogo ya kunde, mayai 30 mpaka 40 ndani, na haikiachi chini kama vile ile kubwa inafanya. Inakivuta nyuma ya mwili wiki tatu ao nne, mpaka siku watoto wanataka kutoka. Kwa hiyo jike moja ikijificha mu kartoni moja, kumefika jamaa nzima. Mu joto ya kutosha, watoto wanakuwa wakubwa kwa miezi miwili hivi, na wao wanaanza.

Muangalie kartoni, ile ya kawaida ya sabuni ao ya biskuti. Upasue ukingo wake. Ndani kuko mistari-mistari, vyumba vidogo mu mustari, sawa lupangu yetu. Mende inapenda kukaa mahali ukuta unaigusa tumbo na mgongo. Ufa wa milimita 5 unatosha kwa ile imekwisha kukomaa, na kwa watoto wake hata ufa wa nusu ya ile ni mukubwa. Kartoni inatoka bandarini, Durban ao Dar es Salaam, inapita Kasumbalesa ku kamio, inalala mu depo wiki kazaa pamoja na unga na maziwa ya poda, inafika ku soko. Pale tunainunua na vitu vyake, ao tunaiomba bure juu ya kuhamisha vyombo, juu ya kutandika chini ya godoro, juu ya kuweka nguo za mtoto. Kuna mtu mu Lubumbashi hana kartoni mu nyumba? Sisi hatumjui.

Kiisha kuko vitu vya okazio. Frigo, mikrowevu, televizio, redio kubwa. Nyuma ya frigo kuko moteri yenye kuleta joto, na chini yake kuko kisahani chenye kushika maji: joto na maji pamoja, mende inataka nini tena? Hata mu baridi ya mwezi wa saba iko pale imetulia. Na kwetu, kura ikikatika siku tatu, frigo inakuwa kabati ya chakula, mulango wake haufungi vizuri, kila kitu kiko ndani.

Mtasema: mnaona, frigo ya ule mama! Inawezekana. Hatukatai. Lakini tuseme yote. Mwezi ule ule papa wa chumba cha pili, mwenye kuuzisha mayai, alikuwa anarudi kila siku na zile sahani za karatasi za mayai kutoka depo, na anazipanga chini ya kitanda. Chumba cha tano walipokea muzigo wa ndugu yao kutoka Kolwezi. Na sisi tunaoandika hii, sisi wa chumba cha nne, tulinunua televizio ya okazio mu mwezi wa kwanza, mbele mama afike. Tulipoifungua nyuma, mwaka huu tu, tulikuta vumbi nyeusi sawa unga wa kahawa. Ule si vumbi. Ni mavi ya mende, na ile ya zamani.

Ile mavi iko na kazi yake. Harufu yake inaita wengine: hapa ni pazuri, mukuye. Njo maana nyumba moja inabaki na mende miaka na miaka, hata wakaaji wakibadilika mara kumi. Mpangaji mpya anafika, anaosha, anapiga rangi, lakini ndani ya ufa ule mwito uko. Kiisha anaonekana yeye njo muchafu.

Na ukuta mmoja kati ya vyumba hausimamishi kitu. Mu 1982, Marekani, watafiti waliandika juu ya mende za nyumba za kupanga: zinatoka mu nyumba moja zinaingia mu ingine, na zaidi pale nyumba zinashiriki mabomba. Kwao ni mabomba. Kwetu kuko mabomba, kuko tundu la waya wa kura, kuko juu ya ukuta ambako hakuna plafo. Kwa mende, vyumba vyetu sita ni nyumba moja. Ni sisi tu tunahesabu sita.

Tufike ku dawa, maana hapa njo kuko hatari.

Kila chumba kilikuwa na dawa yake. Huyu ananunua bomba ya kupuliza, huyu chaki ya kuchora ku ukuta, huyu anangoja mpaka mwisho wa mwezi. Ukipuliza, unaua zile unaziona. Zile ziko ndani ya ufa, na ndani njo kuko wengi, zinasikia harufu na zinahama. Zinakwenda kwa jirani. Siku jirani anapuliza, zinarudi. Tulikuwa tunatumiana mende sawa barua. Na zile hazikufa zinazaa watoto wagumu: mu 2019 watafiti wa chuo kikuu cha Purdue, Marekani, walionyesha kama mende hii inaweza kuzoea dawa, hata dawa ambayo haijaiona, kwa nguvu ya ile iliiona mbele. Ukiongeza kipimo unajiongezea mwenyewe sumu tu.

Dawa za duka ziliposhindwa, tukaenda ku ile ya chupa. Mnaijua: chupa ndogo ya maji, ndani kitu chenye rangi ya maziwa, hakuna jina, hakuna karatasi, mtoto anaiuzisha mu soko pamoja na sumu ya panya. Ni dawa ya mashamba, imepimwa kwa macho. Chumba cha tatu waliimwaga chini ya kitanda na kufunga dirisha kusudi iue vizuri. Usiku ule mtoto wao wa miaka minne alianza kutapika, mate inamtoka, macho yake haioni vizuri. Tulimbeba mbio kwa munganga. Alipona, tunashukuru Mungu, lakini munganga alituambia wazi: saa mbili tena na tungekuwa tunasema maneno mengine. Mende za chumba cha tatu, kesho yake, zilikuwa kwetu.

Kwa hiyo mtu asituambie kama hii ni habari ndogo. Tunajua wengi watasema: "Mende haijaua mtu, mubu njo inaua." Ni kweli, malaria iko mbele, na mtu mwenye falanga ya kununua kitu kimoja anunue chandarua. Lakini sumu ile tunaweka juu ya mende, hiyo inaua. Na mende yenyewe haiko bila kosa. Inatoka mu takataka inatembea ku sahani, na viini vya kuharisha vinapanda ku miguu yake. Mavi yake na ngozi zile inaacha zinakuwa vumbi, na watoto wenye pumu wanavuta ile vumbi. Mu 1997, Marekani, walifuata watoto 476 wenye pumu mu mitaa ya masikini ya miji minane: wale miili yao haipatani na mende, na mende zilikuwa mingi mu vyumba vyao, njo walilazwa mu hospitali mara nyingi zaidi. Mu lupangu yetu kuko mtoto mmoja mwenye kukohoa kila usiku, na mama yake anasema ni baridi. Kunaweza kuwa ni baridi.

Basi tufanye nini? Tutasema mawazo yetu, na wenye kuwa na mengine waandike.

Kitu chenye kusaidia si cha kupuliza, ni chambo. Asidi ya boriki pamoja na sukari kidogo, ao ile gel yenye kuuzishwa mu sindano, inawekwa tone ndogo-ndogo mu pembe, nyuma ya frigo, chini ya kabati, mahali mkono wa mtoto haufiki. Haiui palepale, na hiyo njo nguvu yake. Mende inakula, inarudi mu ufa, inafia kule, na wengine wanakula mavi yake na maiti yake, na wao wanakufa. Usipulize dawa karibu ya chambo, utaifukuza isile. Na chambo moja haitoshi kwa maisha: mu 1993 watafiti waliandika juu ya mende za Florida zenye kukataa aina moja ya sukari, glukozi, kwa sababu zilikuwa zimeikuta mu chambo miaka mingi. Ukiona haziguse tena, badilisha.

Maji, mende inayahitaji kupita chakula. Bila chakula inaweza kuvumilia mwezi mzima. Bila maji haimalizi wiki mbili. Tunajua ni vigumu kusema hivi mu mji ambamo kila mtu anaweka maji mu bidoni na mu beseni, maana bomba haitoki kila siku. Hatusemi mumwage maji. Tunasema kufunika, kupanguza chini mbele ya kulala, kugeuza sahani zilizooshwa zikauke. Na kartoni: ifungulieni inje, mu jua, mutoe vitu, kartoni ibaki inje, ichomwe ao iende.

Lakini vyote hivi vikifanywa na chumba kimoja ni kazi bure. Ni vyumba sita, siku moja, saa moja. Zamani tulikuwa na salongo ya kufyeka majani na kufukua mifereji. Tunaona hii ingekuwa salongo ya ndani ya nyumba, lupangu kwa lupangu, kiisha avenyu. Tunaomba mashefu wa kartie wafikiri juu yake.

Na wenye malupangu, hapa hatutazunguka. Mpangaji akiingia, munamuomba garanti ya miezi mingi, na kila mwezi munapita bila kukosa. Ufa ku ukuta ni wa nani? Tundu la bomba ni la nani? Mifuko miwili ya simenti na fundi wa siku moja ingeziba vyumba vyetu vyote sita. Tulihesabu: ile haifiki nusu ya kodi ya chumba kimoja kwa mwaka. Mwenye lupangu yetu alitujibu kama usafi ni kazi ya mpangaji. Kusafisha, ndiyo. Ukuta, hapana. Na kufukuza mtu haizibi ufa, tumekwisha kujaribu.

Sisi wenyewe tulianza kiisha mvua ya kwanza. Tulichanga, kila chumba kidogo-kidogo, tukanunua simenti na chambo. Chumba cha sita, kile cha ule mama, kilikuwa bado bila mtu; tuliomba ufunguo tukaanzia pale. Nyuma ya mlango kulikuwa ufa mrefu unaingia moja kwa moja mu chumba cha tano. Ndani mulikuwa ile vumbi nyeusi, ya zamani sana, ngumu sawa gundi. Haikuwa ya miezi minne.

Siku ya Mungu iliyofuata, watatu wetu tulienda Katuba kumtafuta. Tulimkuta anachambua sombe. Tulimwambia yote, na ile televizio pia. Alinyamaza, kiisha akauliza kama mende zetu ziliisha. Tukasema zimepungua, bado. Akatuonyesha ukuta wa chumba chake kipya, ufa kutoka dirisha mpaka chini, na akasema kule pia wameanza: jirani anapita anafunga pua, anasema mende zilifika na watu wa Kenya. Hakutaka pole yetu sana. Alitaka tuandike hii yote ku karatasi, na majina ya dawa, kusudi amupelekee mwenye lupangu yake aisome.